Bunge la Misumari Lina Udhu

Ukitoka sokoni Bagamoyo, ukawaacha wakaanga samaki mkono wa kushoto, utakuta duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Jaysukh, na mbele yake benchi refu la mbao lenye miguu mitatu na tofali moja. Hapo ndipo lilipo Bunge la Misumari. Tunakutana kila siku baada ya swala ya alasiri mpaka adhana ya magharibi, tunajadili kila kilichoumbwa na vingine ambavyo bado. Mkabala wetu upo msikiti mdogo wenye pampu ya maji niliyoitengeneza mimi, kwa mikono hii, baada ya mafundi watatu wa Dar es Salaam kushika vichwa na kuondoka. Tangu siku hiyo maji ya kutawadhia hayajakatika mtaani kwetu, na mimi Mwinjuma sikuitwa tena Mwinjuma, naitwa Injinia. Mzee Jaysukh hupenda kuwaambia watu kwamba nilichofanya ni kuwasha swichi tu. Ni kweli swichi ilikuwa imezimwa. Lakini kati ya wote waliopita pale na mabegi yao ya spana, nani aliiona?

Wabunge siku hizi tumebaki wachache. Yupo Hamed, muuza vitambaa vya kanzu, ambaye babu zake walikuja kutoka Omani na yeye hajafika hata Unguja. Tunamwita Tume, kwa sababu mbuzi wa jirani akipotea, yeye haulizi kaenda wapi, anauliza nani kanufaika. Yupo Chalinze, aliyekuwa utingo wa malori miaka thelathini, ambaye hadithi zake zote, hata zikianzia Mwanza, lazima zisimame Chalinze kula nyama choma. Yupo Mzee Jaysukh mwenyewe, anayekaa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni na kutoa neno moja kwa saa, kama mtu anayepima misumari. Na nipo mimi, ambaye lau ningeendelea na shule baada ya darasa la saba, nchi hii ingekuwa mbali.

Spika wetu ni birika la kahawa. Miaka ishirini lilishikwa na rafiki yangu Mwinyimvua, Mungu amrehemu. Alipofariki, birika lilinyamaza miezi minne na siku kumi, mpaka eda ya mjane wake ilipokwisha. Siku iliyofuata tukamwona Bi Swaumu anakuja na jiko, birika na kapu la kashata, anakaa kwenye kigoda cha mumewe, anapuliza mkaa. Hakuomba ruhusa ya mtu. Chalinze akanong'ona kwamba kahawa ya mwanamke haikosi kuwa nyepesi. Siku hiyo alikunywa vikombe vitano na usiku hakulala.

Basi huyo Swaumu, mwenye miaka arobaini na mitatu na mjukuu mmoja, amerudi shule. Hatukujua alianza lini. Tulimwona na daftari pembeni ya jiko tukadhani ni mambo ya kikundi cha akina mama. Kumbe mwenzetu alikuwa anasoma usiku, akafanya tena mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu biolojia na kemia, na siku moja akaja kijiweni amebeba koti jeupe ndani ya mifuko miwili ya plastiki lisishike moshi. Anasomea cheti cha msaidizi wa maabara. Wale wanaokutoa damu, wanaandika jina lako kwenye kichupa, wanachungulia malaria kwenye darubini. Asubuhi chuo, alasiri birika. Moshi wenyewe haukuzuilika. Anasema mwalimu wake aliwahi kusimama katikati ya somo, akanusa, akauliza ni nani ameingiza kahawa maabara.

Jumapili iliyopita alimimina duru ya kwanza, akafuta mikono, akatoa lile daftari na kipande cha mpira chembamba cha rangi ya udongo.

— Leo nina ombi, akasema. Mwalimu anataka, kabla mtu hajakabidhiwa sindano, kidole chake kiwe kimepita mikono mia moja. Hakuna kuchoma. Nakufunga mpira hapa juu ya kiwiko, napapasa, nikiupata mshipa nakufungua, unaandika jina lako. Wanawake natakiwa tisini, nimewamaliza. Wanaume kumi. Nimepata sita.

Hao sita ni kaka zake wawili, mjomba wake, mwanawe na mpwa wake, yaani maharimu zake, ndugu asioweza kuolewa nao. Wa sita ni Mzee Jaysukh, aliyempa mkono juzi nyuma ya kaunta, kati ya ndoo za rangi, wala hakumwambia mtu.

— Wamebaki wanne, akaendelea. Daftari linatakiwa mezani kesho asubuhi. Lisipotimia, wenzangu wanakwenda hospitali kwa mazoezi, mimi narudia muhula na watoto wanaonizidi mbio tu.

Tume akauliza kwa nini asivae glovu. Swaumu akamjibu kwamba glovu zina wakati wake. Kidole lazima kijue kwanza kikiwa kitupu, kama mtu anavyojifunza kuonja chumvi kabla hajaachiwa sufuria la shughuli.

Kisha Chalinze akashusha kikombe taratibu, akatazama mbele.

— Mimi, Bi Swaumu, nina udhu.

Niwaeleze wasiojua. Kwa madhehebu yetu ya hapa pwani, ngozi ya mwanamume ikigusana na ya mwanamke asiye maharimu wake, udhu unatenguka, na bila udhu huswali. Mtu anayetawadha alasiri na kuutunza udhu wake mpaka magharibi ana haki ya kujichunga. Hilo si la mzaha. La mzaha ni kwamba mara ya mwisho Chalinze kuonekana msikitini alikwenda kuomba chaja ya simu.

— Na mimi ninao, akadakia Tume, akivuta mikono ya kanzu mpaka kwenye vidole.

Macho yakanihamia mimi. Nami, Mungu anisamehe, ni mtu wa Ijumaa kwa Ijumaa, na Ijumaa nyingine mvua hunyesha.

— Udhu wangu ni wa tangu adhuhuri, nikasema.

Kwa hiyo ghafla kijiwe kizima kikawa na udhu. Malaika wa mtaa ule nadhani waliangaliana. Mzee Jaysukh, ambaye ni Mhindu na mambo haya hayamhusu, aligeukia ndani akaanza kupanga makufuli ambayo yalikuwa yameshapangwa.

Swaumu hakubishana. Alisema tu kwamba amekwishamuuliza Maalimu Yousuf, muadhini wetu na mwalimu wa madrasa hapo msikitini, na maalimu amemwambia kujifunza kutibu watu kuna ruhusa yake. Chalinze akasema ruhusa haina ubishi, kinachohusika ni udhu wenyewe, maana wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, sembuse kubonyezwa. Swaumu akaliweka daftari juu ya kapu la kashata, akamimina duru ya pili.

Sasa, mtu akishatoa udhuru wa kwanza, lazima atafute wa pili wa kuulinda, na wa tatu wa kuulinda wa pili. Ndivyo bunge lilivyofunguliwa.

Tume alianza kwa upole. Alitaka kujua tu, kwa nini mia? Kwa nini si hamsini, si mia na moja? Nani aliyehesabu? Kisha akasogea mbele ya benchi, na akisogea mbele ujue mambo yameiva. Kwa uchunguzi wake, mshipa wa kiwiko ni kama alama ya kidole, kila mtu na ramani yake, na wanafunzi hawa wanatumwa kukusanya ramani za Bagamoyo nzima mtaa kwa mtaa. Daftari hilo likifika chuoni halikai. Linapanda gari. Siku moja utakwenda zako Dar es Salaam, utaegemea kaunta ya benki, mashine itakutazama kiwiko na kusema huyu ni Hamed, muuza vitambaa.

— Na ikishakujua? akauliza Swaumu, akipuliza mkaa.

— Hapo ndipo tume yangu bado inafanya kazi, akasema Tume.

Chalinze naye akasema ramani si kitu. Hatari ni mapigo. Alikuwapo dereva mmoja, mtu wa Segera, mkewe alikwenda kusomea mambo haya haya. Siku ya kwanza ya likizo akamshika mumewe hapa kwenye kiwiko, kwa mapenzi tu, huku wanaongea habari za watoto. Akataja Mombo, mshipa ukatulia. Akataja Korogwe, ukatulia. Akataja Chalinze, mshipa ukaruka kama panzi. Alipanda basi asubuhi, akashuka Chalinze, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye nyumba ya mke mdogo, akabisha hodi. Ndiyo maana wahenga wakasema damu nzito kuliko maji.

— Wewe huna mke mdogo, Mzee Jaysukh akasema kutoka ndani. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la saa ile.

— Sina, lakini mshipa hauwezi kujua, akajibu Chalinze.

Swaumu akacheka mpaka akaweka birika chini. Akamwambia Chalinze asiwe na hofu, yeye mapigo hayatafuti. Ule mshipa unaodunda unaachwa kabisa, hauguswi kwa sindano. Unaotakiwa ni ule mwingine, uliotulia. Hauonekani mara nyingi, haupigi kelele, lakini ukiubonyeza unazama kidogo kisha unarudi. Na hapapasi kwa kidole gumba, maana gumba lina mapigo yake lenyewe, linaweza kumdanganya mtu akasikia damu yake akadhani ya mgonjwa. Alisema haya akiwa ameshika kikombe, kidole cha shahada kikipita ukingoni kama kinatafuta, na niliona wote tumekitazama.

Mimi nikaona heshima ya Bunge inaporomoka. Nikawaambia mishipa yangu si ya kufanyia mazoezi. Nilipokuwa Mbegani, kwenye chuo cha uvuvi (nilikaa wiki tatu, mambo ya vyakula hayakunipendeza), alikuja daktari wa meli, mzungu mrefu kama nguzo ya simu, kutupima damu. Sindano ya kwanza ikapinda. Ya pili ikavunjika. Ya tatu ilipoingia, damu ilitoka kwa presha mpaka kofia yake ikadondoka. Alipoipima akakuta ni O, lakini si O hii ya kawaida, ni O kubwa. Nikimpa mwanafunzi mkono huu, atakwenda kesho hospitali anatafuta mishipa mikubwa kama mabomba ya inchi mbili, na watu wa kawaida hatawaona kabisa. Nitakuwa nimemharibia masomo.

— Kwa hiyo unanyima kwa huruma, akasema Swaumu.

— Kwa huruma, shemeji. Kwani mimi naogopa mikono ya wagonjwa? Nani alimshika Mwinyimvua siku ile ya homa? Si mkono wake niliushika mimi mpaka mwisho, namsomea kasida, ananiambia Injinia nimepoa?

Hadithi hiyo nimeisimulia kijiweni miaka minne. Wote wanaijua. Tume huinamisha kichwa inapofika kwenye kasida. Swaumu kila nikiisimulia humimina kahawa, na safari hii pia alimimina, akakijaza kikombe changu mpaka karibu kumwagika.

Hapa niseme jambo ambalo Bunge halijawahi kulisikia, kwa kuwa naandika, na karatasi haina macho.

Siku ile nilimpakia Mwinyimvua kwenye pikipiki yangu, Swaumu nyuma akimshikilia, mshikaki, mpaka kwenye zahanati moja mbali na hapa, siitaji. Homa ilikuwa imemchoma siku nne. Mtu wa maabara hakuwapo. Aliyekuwapo alijitahidi, simlaumu, lakini mshipa hakuupata. Alichoma mkono wa kushoto mara tatu. Akahamia wa kulia. Mwinyimvua, aliyekuwa akishika birika la moto kwa mkono mtupu, alikuwa anatazama dari, machozi yanamtoka kimyakimya kuelekea masikioni. Mimi nikasema ngoja nikaiangalie pikipiki. Nikatoka. Nikakaa nje juu ya pikipiki nzima, yenye mafuta, isiyo na ubaya wowote, mpaka walipotoka kuniambia twende hospitali kubwa. Mkono wake aliushikilia mkewe, si mimi. Wiki iliyofuata tulimzika. Sisemi hicho ndicho kilichomuua. Siku yake ilikuwa imeandikwa. Nasema tu kwamba sikuwapo, na tangu hapo nimekuwa nikijiweka pale kwa maneno.

Basi tulikuwa tumefika hapo, kivuli cha paa la duka kimeshavuka barabara, ilipokuja pikipiki ya mizigo imejaa mananasi, ikasimama. Dereva wake alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya mkeka, shati limelowa maji ya mananasi mpaka viwikoni. Akatusalimu mmoja mmoja, kwa utaratibu wa watu wa mashambani kwetu, akasema anaitwa Pazi, anatoka Kiwangwa, mzigo mwingine ameshaushusha sokoni na sasa kiu ya kahawa imemshinda. Tukamsogezea nafasi upande wa tofali. Kwa kuwa mgeni ni mgeni, nikamweleza habari za Bunge, nikamwonyesha msikiti, nikamsimulia pampu: mafundi watatu, vichwa mikononi, na jinsi ambavyo tangu siku hiyo, awe kiangazi awe masika, maji hapa hayajakatika hata dakika moja. Akasema mashaallah, kwao Kiwangwa pampu ina mwaka imekufa.

Akanywa vikombe viwili. Akaliona daftari na mpira juu ya kapu, akauliza ni vya nini. Swaumu akamweleza kama alivyotueleza sisi, hakuongeza wala hakupunguza: mikono mia, wanaume kumi, wamebaki wanne, kesho asubuhi.

Pazi akatutazama. Tulikuwa watatu pale benchini, kila mmoja na mikono miwili.

— Na hawa wazee?

— Hawa wana udhu, akasema Swaumu, na sauti yake haikuwa na kejeli hata kidogo. Hapo ndipo iliponiuma.

Pazi akaikubali habari hiyo, akaitafakari kama mkulima anavyotafakari mawingu. Akakunja mikono ya shati ili akanawe utomvu wa mananasi ampe mama mkono. Alishainuka nusu, kisha akasimama, akatuuliza kwa nia safi kabisa, kama mtu anayetaka kuelewa desturi za ugenini:

— Samahanini wazee wangu. Kwani maji ya kutawadhia upya yamekatika?

Tume, mwenye swali kwa kila jibu, akaanza kuhesabu vifungo vya kanzu yake. Chalinze alitafuta methali, niliona midomo inaitafuta, haikuja. Na hapo hapo pampu ikajiwasha upande wa pili wa barabara, ikanguruma, tangi la msikiti likajaa, na maji yakaanza kumwagika kutoka juu yakipiga bati, mengi, baridi, yasiyokatika. Wote wakageuka wakanitazama mimi. Mzee Jaysukh naye alikuwa ametokea mlangoni na kufuli mkononi.

— Hayajakatika, nikasema.

Pazi akashukuru, akaenda kunawa. Aliporudi, mkono wake ulikuwa na mishipa iliyosimama kama mashina ya viazi vitamu, hata kipofu angeitaja. Swaumu akaupata mara moja, akampa kalamu. Mkono wa tisini na saba. Kisha akalifunika daftari nusu, akatazama mkaa. Hakumtazama mtu. Nadhani alikuwa anatupa nafasi ya kubaki na udhu wetu.

Nikakunja mkono wa kanzu.

— Shemeji, fanya huu, nikamwambia.

— Wa inchi mbili?

— Huo huo.

Akanawa, akavuta kigoda, akaulaza mkono wangu juu ya goti langu, kiganja juu. Akafunga mpira, upana wa vidole vinne juu ya kiwiko. Akaniambia nikunje ngumi, si kwa nguvu, sijaitwa kupigana. Kisha akafumba macho, akaanza kupapasa. Kidole chake kilikuwa na joto la birika. Kilipita katikati, kikaenda kando, kikarudi. Hakikupata kitu. Nikaona jasho kwenye mdomo wake wa juu. Nikajua tumekwenda wote wawili pale pale, kwenye kile chumba, na kwamba mkono huu wangu mnene, uliojaa mafuta na maneno, umeficha mshipa kama alivyoficha rafiki yangu. Akafungua mpira.

— Dakika imepita, akasema. Haufungwi zaidi ya dakika. Tunaupumzisha.

Akafunga tena. Nilitamani sana kuzungumza, nina hadithi ya papa wa Mbegani inayofaa kabisa wakati kama huo, lakini nikaiacha ikapita.

— Pumua, Mwinjuma, akaniambia. Miaka sijaitwa hivyo.

Nikapumua. Kidole kikashuka chini kidogo, upande wa nje, mahali ambapo mimi mwenyewe nisingefikiri kuna kitu. Kikasimama. Kikabonyeza, kikaachia. Kikabonyeza tena. Swaumu akafumbua macho.

— Huu hapa.

Akakichukua kidole changu cha mkono wa pili, akakiweka pale. Kwanza sikusikia kitu. Akaniambia nisiutafute kwa nguvu. Ndipo nikausikia: laini, umenyamaza, unazama kidogo kisha unarudi, unazama unarudi. Miaka hamsini na moja nimekaa nao na sijawahi kujua upo.

— Siku ile nilitoka nje, nikamwambia. Nilisema chini, lakini benchi letu ni fupi kuliko linavyoonekana.

— Najua. Mimi nilikuwepo.

— Pikipiki ilikuwa nzima.

— Najua, Mwinjuma. Yeye pia alijua. Alisema, mwacheni Injinia, akikaa humu atazimia tutakuwa na wagonjwa wawili.

Akafungua mpira. Alama nyekundu ikabaki kidogo kwenye ngozi, ikaanza kufifia.

— Halafu, shemeji, sikuwa na udhu.

— Hilo mtaa mzima unajua. Andika jina.

Nikaandika. Herufi zangu si nzuri, zinapanda mlima, lakini niliandika Mwinjuma, sikuandika Injinia. Mkono wa tisini na nane. Tume akatoa wake bila kuuliza mia aliihesabu nani. Tulimsikia tu akimnong'oneza Swaumu kama daftari litarudi. Wa mwisho alikuwa Chalinze, ambaye alifumba macho tangu mpira haujafungwa, na Swaumu alipokuwa anapapasa akamtajia polepole, Mombo, Korogwe, mpaka mzee akafungua jicho moja, na wote tukacheka, na katikati ya kicheko hicho mshipa ukapatikana. Mia.

Swaumu akalifunga daftari, akalitia kwenye ule mfuko wa koti jeupe, akakunja mdomo wa mfuko mara mbili. Akashika birika atumiminie duru ya kufungia Bunge. Halikutoa kitu. Lilikuwa limekaukia mkaani muda wote ule, chini imebaki masizi na harufu, na katika miaka yangu yote pale sijapata kuona kahawa inakwisha bila mtu kulalamika.

Adhana ilikuwa karibu. Tukavuka barabara, mimi, Tume, Chalinze na yule Pazi wa mananasi, tukapanga foleni bombani, mikono imekunjwa, kila mtu anasubiri zamu yake. Maalimu Yousuf alikuwa anatoka kwenda kuadhini. Akatuona. Akasimama, akamtazama Chalinze, akanitazama mimi, akaishika kofia yake kwa mkono mmoja.

— Inna lillahi, akasema. Nani amefariki?

— Hajafa mtu, maalimu, nikamwambia. Maji yapo, tunatawadha.